Omron M3 kwa mzazi mzee: nzuri kwa presha, haina kazi siku mdomo unapopinda

Omron M3, mashine ya kupimia presha inayofungwa juu ya kiwiko, mara nyingi huingia nyumbani kwa sababu ileile. Mzee amepatwa na kitu: kikombe kimemponyoka, maneno yamevurugika, shavu limelegea upande mmoja, na baada ya dakika kumi yote yamerudi sawa. Watoto wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp, M3 inanunuliwa, na kila mtu analala akijua mama ana kipimo.

Kwa kuchunga presha, M3 inastahili pesa yake. Tatizo ni pale inapofanywa hakimu. Mdomo umepinda, mtu anakimbilia mashine, inasoma 128/79, nyumba nzima inashusha pumzi: "presha iko sawa, ni uchovu." Dalili hizo zinazokuja na kuondoka huenda ni za kiharusi cha mpito, kinachotokea pale damu inapozibwa kwa muda kwenye mshipa unaolisha ubongo, mara nyingi na bonge dogo la damu iliyoganda lililotoka moyoni au kwenye mshipa wa shingoni. Bonge hilo linaweza kupita wakati presha ni nzuri kabisa. Namba nzuri haimtoi mzee hatarini hata kidogo, na namba mbaya haikuambii cha kufanya zaidi ya kile ambacho tayari ungepaswa kuwa unakifanya, yaani kutafuta gari.

Siku hiyo vipimo ni vya macho na masikio. Mwambie aonyeshe meno, siyo atabasamu tu, maana tabasamu la adabu huficha mengi. Pembe moja ya mdomo ikibaki chini, umeona. Asiye na meno, angalia mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi mdomoni: upande uliolegea huwa laini. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, kisha uhesabu hadi kumi. Mkono dhaifu hushuka polepole au kiganja hujigeuza ndani, na mwenyewe hana habari. Halafu mpe sentensi aseme: "Haraka haraka haina baraka" inatosha kabisa, kwa sababu ulimi mzito hukwama kwenye r zile. Sikiliza pia kama anayosema yana maana. Mtu anayejibu "ndiyo" kwa kila swali, au anayekiita kijiko "ile ya mlango", ana tatizo la lugha hata kama ulimi ni mwepesi.

Zipo na dalili zisizoonekana usoni: jicho moja kufunikwa ghafla kama pazia limeshushwa, nusu ya mambo anayoyaona kupotea, kuyumba ghafla, kandambili kuvuka mguu mmoja tu bila yeye kujua. Wazee huzisingizia upepo au "nimelalia mkono". Mkono uliolaliwa huchomachoma kama sindano, na nguvu hurudi ukiutikisa. Wa kiharusi hupoteza nguvu ghafla, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kukosa huko maumivu ndiko kunakowafanya wakae kimya.

Kama ana kisukari na anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, kipimo kinachotangulia ni glukomita, yaani mashine ya kupima sukari, wala siyo M3. Sukari iliyoshuka huiga kiharusi vizuri sana, hadi udhaifu wa upande mmoja. Ikisoma chini ya 4 mmol/L, mdomo haujapinda, na anameza bila kukohoa, mpe maji ya sukari mkiwa mnajiandaa. Safari isisubiri majibu.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Hospitali wataiuliza kabla ya kitu kingine, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kwa hiyo ni vizuri kujua leo hii, kabla ya mkasa, hospitali ipi ya karibu ina CT Scan inayofanya kazi. Aliyeamka asubuhi na dalili, saa yake ni ile aliyokwenda kulala, au aliyoamka kwenda chooni akiwa mzima. Beba dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja. Usimpe chakula wala maji kama mdomo umepinda au anakohoa akimeza. Usimpe aspirini kwa uamuzi wako, kwani kuna kiharusi cha aina nyingine kinachotokana na mshipa uliopasuka, na nyumbani hakuna anayeweza kuvitofautisha. Wala usimwekee kidonge cha nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi ukiona M3 inasoma 190. Presha hupanda wakati wa kiharusi mara nyingi kwa sababu mwili unajaribu kuusukumia ubongo damu. Ukiiangusha ghafla, unaongeza sehemu inayokufa.

Na dalili zikiisha mkiwa bado mnatafuta viatu? Mnakwenda vilevile, siku hiyohiyo. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa kuliko wakati wowote ndani ya saa 48 za mwanzo. Utafiti wa EXPRESS wa Oxford, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hii wakichunguzwa na kuanzishiwa dawa haraka, waliopata kiharusi tena ndani ya siku 90 walishuka kutoka takriban 10% hadi 2%. Ni dawa za kawaida zilezile. Kilichobadilika ni kasi.

Sasa mashine yenyewe, ambayo kazi yake inaanza mkisharudi nyumbani.

Mkanda wake unabana mikono yenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 42, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha namba bila sababu. Pima mkono wa mzee kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, kabla ya kununua. Ina kumbukumbu ya vipimo 60 kwa kila mmoja wa watumiaji wawili, hivyo baba na mama wanaweza kutumia mashine moja, mradi mtu akumbuke kubadili mtumiaji kabla ya kubonyeza. Hapo ndipo kumbukumbu huharibika: daktari anaonyeshwa presha za mama zilizochanganyika na za baba. Daftari lenye tarehe, saa na namba bado ni salama zaidi.

Utumiaji una masharti, na wengi huyavunja wakilaumu mashine. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika 5 kimya kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, asiikunje. Kochi la sebuleni halifai. Mgongo huzama na mkono huning'inia. Mkono ulale mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo: ukishuka sentimita 10 tu, namba ya juu hupanda kwa takriban 7. Mkanda ukae sentimita 1 hadi 2 juu ya kiwiko, kwenye ngozi. Ukikunja mkono wa gauni hadi ukabana kama kamba, umeshaharibu. Asiongee, na wewe usimuulize kama amekunywa dawa.

Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Tupa za siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya juu. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha baki na ule uliosoma juu zaidi. Lakini kama mmoja ulipooza au ulilegea, tumia mzima. Mzee anayelalamika kizunguzungu akisimama, mpime amekaa, halafu dakika moja na tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue, huenda dawa zinamzidi.

Ile alama ya moyo uliovurugika inayotokea kwenye kioo cha M3 isipuuzwe. Hutokea mapigo yanapoachana na wastani kwa 25% au zaidi. Ikitokea mara moja, rudia, pengine alitikisika. Ikijirudia kwa siku kadhaa, mzee apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu moyo unaopiga bila mpangilio ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya mabonge yanayokwenda kwenye ubongo, na tiba yake ni dawa tofauti kabisa na za presha. M3 haitaji ugonjwa, inatoa dokezo tu. Tena kwa mgonjwa mwenye mapigo hayo, namba zake zenyewe hurukaruka. Pima mara tatu uchukue wastani.

Malalamiko ni madogo. Betri nne za AA za bei rahisi huchoka mapema, na adapta ya umeme hununuliwa pembeni. Mrija wa hewa ukikunjwa vibaya kabatini hupata ufa, na mashine huanza kutoa alama ya kosa bila kusoma. Mashine za kufungwa kwenye kifundo cha mkono, ndogo na za kuvutia, waachie vijana. Mzee hawezi kushika mkono usawa wa moyo bila kutetemeka. Na kama mkono wa mzee unazidi sentimita 42, usiilazimishe M3: mkanda utafunguka wenyewe ukijaa, au utakupa namba ya uongo itakayomwongezea dawa asiyoihitaji.