Nyuzi za Rotosound Swing Bass 66: nilitaka sauti ya Entwistle nikaletewa makosa yangu

Wiki ya tatu sasa nazipiga hizi nyuzi za gitaa la besi, kwa hiyo naweza kuongea. Nilizinunua kwa sababu ya mtu mmoja tu, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya roki ya Uingereza, The Who.

Jamaa kazaliwa London 1944, kaanza na piano na tarumbeta, kawa karani ofisi ya kodi kabla muziki haujamlisha. Sasa kwenye ile bendi Townshend anavunja magitaa, Daltrey anazungusha maiki hewani, Keith Moon anapiga drams utadhani anazidai pesa, yeye kasimama tu kama mtu anayesubiri basi ila vidole ndo vinakimbia. Vingine anavigonga juu ya nyuzi kama anachapa taipu. Kafariki Las Vegas 2002, ziara ilikuwa ianze kesho yake.

Wimbo wao My Generation wa 1965 una solo ya besi kabisa, enzi ambayo mpiga besi alitakiwa akae huko nyuma asisumbue watu. Na hapo ndo kuna kituko, alikuwa na besi ya Danelectro aliyoipenda kwa nyuzi zake nyembamba, uzi ukikatika hakuna wa kuuziwa peke yake, basi ananunua gitaa jingine zima! Yakafika matatu, mwisho karekodi na besi ya Fender Jazz. Ndo maana 1966 akakaa na watu wa Rotosound, watengeneza nyuzi, maana kati ya nyuzi nne za besi (E, A, D, G) zile nene, E na A, zilikuwa hazitetemi vizuri wakati D na G ziko poa. Wakahangaika nazo mpaka zote nne zikalia sawa.

Zangu ni unene wa 45 mpaka 105 (elfu za inchi), chuma cha pua, zimezungushiwa waya wa duara sio bapa. Nimezifunga, nikachomeka ampu, nikagonga E wazi, aisee, mngurumo wenye kengele ndani yake kama funguo za chini za piano, nikacheka peke yangu. Halafu nikapiga laini ninayoijua miaka yote nikanyamaza. Kila kitu kinasikika! Umechelewa kuuzima uzi wa jirani, unalia. Umebana mbali na freti (vile vyuma vya kukatiza shingo ya gitaa), krrr. Kumbe zile nyuzi zangu za zamani zilizochoka zilikuwa zinanisitiri. Sasa nimerudi kupiga polepole kama mwanafunzi, gumba la kulia nimelilaza juu ya E ili inyamaze.

Chuma ni chuma lakini, vidole vitawaka siku za mwanzo, freti zinalika haraka kuliko ukiwa na nyuzi laini, na usipofuta jasho kila ukimaliza ile kengele inakufa mapema.

Nyota nne. Hiyo moja nawakata waliouza (duka la mtandaoni, silitaji), walinitumia seti ya gitaa fupi nikasubiri siku tisa kubadilishiwa, kwa hiyo angalia urefu kabla hujalipa, gitaa ambalo uzi wake unatetema kwa urefu wa inchi 34 linataka zile ndefu.

Kama bendi yenu ina magitaa ya kelele na umechoka kutosikika, chukua. Ila kama unapenda besi ya kubembeleza baki na nyuzi zako za waya bapa, Steve Harris wa Iron Maiden anapiga hizo hizo bapa na sijaona wa kumwambia hasikiki.