Famasi ya Mwembe Tayari: hapa dawa za saratani ya matiti unaelezwa, si kuuziwa tu

Jamani kama mna mgonjwa wa saratani ya matiti na kaandikiwa dawa za kumeza, nendeni hii famasi ndogo ya Mwembe Tayari, Mombasa, upande wa ofisi za mabasi ya Nairobi. Khalati yangu yuko kwa tamoxifen ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku, miaka 5. Kule tulikokuwa tukinunua mwanzo alitiliwa tu kwa mfuko kama anayenunua Panadol, sasa yeye akaona opresheni ishapita, haumwi popote, akaanza kuruka siku.

Hapa dada wa kaunta kabla hata ya kutaja bei akaomba karatasi ya majibu ya bayopsi, kile kipimo cha kipande cha uvimbe, akasoma, akageuza bahasha ya dawa akachora seli nyuma yake kwa kalamu. Akamwambia, "Mama, uvimbe wako unasikiliza estrojeni. Hii dawa inauziba masikio." Yani ndani ya seli kuna vipokezi, homoni ya estrojeni ikishika pale inawasha jeni na seli inaamrishwa igawanyike, na tamoxifen inakwenda kukaa pahali pale pale homoni ikose nafasi. Kwa hivyo ukiruka siku unaipa homoni nafasi irudi, na khalati hapo ndo aliponyamaza akaanza kusikiliza. Karibu wagonjwa 7 kati ya 10 uvimbe wao ni wa aina hii. Wale ambao uvimbe wao una kipokezi kingine kiitwacho HER2 kwa wingi ni mambo mengine, kipokezi chao kiko juu ya ngozi ya seli na dawa yao ni trastuzumab, ya kudungwa, ndo maana karatasi ile ni muhimu sana mtu asimeze dawa ya jirani yake.

Kilichonifurahisha zaidi, akauliza dawa nyengine anazotumia. Kumbe ini lazima liigeuze tamoxifen iwe endoxifen ndo ipate nguvu kamili, na dawa kama fluoxetine ya msongo wa mawazo inazuia ile kazi! Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo. Tena akamwambia dawa hii titini inazima lakini kwenye kizazi inaweza kuamsha, tena inaweza kugandisha damu mwilini, kwa hivyo akiona damu na hedhi ilishakatika, au mguu mmoja umevimba, asingoje kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ubaya upo. Bei iko juu kidogo, mabenchi hakuna, na mgonjwa aliyetoka kwenye dripu kusimama foleni kwa joto lile ni mateso, hilo walirekebishe kwa kweli. Letrozole, dawa nyengine ya kumeza ya saratani ya matiti, pia mara nyingi haiko dukani, pigeni simu siku moja kabla wawaagizie. Ijumaa wanafunga wakati wa swala, na karatasi ya bayopsi msiiache nyumbani, ataiuliza tu.