Ninja V na wenzake: uzoefu wangu wa monita yenye rekoda kwa kamera ndogo

Natumia Atomos Ninja V juu ya kamera ndogo zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) kwa harusi, ibada, mikutano na mahojiano. Pale kamera inapotoa SDI (njia ya video ya kamera za kitaalamu), nahamia Blackmagic Video Assist 12G HDR ya inchi 5. Zote mbili ni monita zinazorekodi, na zote zimeshazeeka kidogo, ndiyo maana sasa zinapatikana mitumba kwa bei inayoshikika. Ninja V ilitoka 2018: skrini ya inchi 5.2 yenye pikseli 1920 kwa 1080, mwangaza wa niti 1000, HDMI ya kuingiza na ya kutoa, na inarekodi 4K hadi fremu 60 kwa sekunde kwa biti 10 (biti zikiwa nyingi, ngazi za rangi huwa nyingi) na 4:2:2 (kiasi cha taarifa za rangi; 4:2:0 ni nusu yake), katika ProRes au DNx (aina za faili zilizo rahisi kuhariri), kwenye SSD ya SATA inayochomekwa nyuma. Baada yake zilikuja Ninja V+ mwaka 2021, halafu Ninja mpya na Ninja Ultra mwaka 2023. Mengi nitakayosema yanazihusu hizo pia.

Kabla ya kulinganisha skrini, fungua kitabu cha kamera yako utafute kinachotoka kwenye tundu la HDMI. Rekoda huandika inacholetewa, haina uwezo wa kuongeza. Chukua Sony a7 III: ndani inarekodi biti 8 kwa 4:2:0, na HDMI yake inatoa biti 8 kwa 4:2:2. Ukiiwekea Ninja V utapata faili la ProRes la biti 10, zito na lenye jina zuri, lakini anga la jioni litaendelea kutoka na mistari ya rangi ileile, kwa sababu taarifa za biti 10 hazikuwahi kutoka kwenye kamera. Utakachopata ni rangi safi kidogo kwenye kingo na mgandamizo mdogo. Kwa gharama yote hiyo, mimi nisingeinunua kwa ajili ya ubora wa picha peke yake.

Canon EOS R na Nikon Z6 ni kesi tofauti kabisa. Ndani zinarekodi biti 8, lakini HDMI inatoa biti 10 kwa 4:2:2 pamoja na C-Log au N-Log (logi: picha iliyofifia makusudi, ya kusahihishwa rangi baadaye). Hapo rekoda inakupa karibu kamera nyingine. Panasonic GH5 nayo inatoa 4K ya fremu 60 kwa biti 10 kupitia HDMI, kitu ambacho ndani haiwezi. Kisha kuna a7S III na FX3, ambazo tayari zinarekodi biti 10 kwa 4:2:2 ndani. Kwa hizo, sababu iliyobaki ya kuwa na rekoda ni ProRes RAW (data ghafi ya kihisi cha kamera), na si kila kazi inahitaji raw. Kama kamera yako iko kundi hili na huna mteja anayedai raw, nunua monita tupu isiyorekodi. Feelworld LUT6, kwa mfano, ina niti 2600, inakubali LUT (faili la kugeuza rangi za picha ya logi), na pesa utakayookoa inatosha lenzi ya mtumba.

Zipo sababu nyingine mbali na biti. Kamera nyingi za zamani hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, na misa ya ndoa haijali hilo. Rekoda ya nje inaendelea mradi kamera iwe macho na HDMI iwe hai. Kamera zinazochemka zikirekodi 4K ndani hupumua kidogo kazi ya kuandika faili ikihamia nje. Pia, kamera ikiruhusu, unapata nakala mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye kadi, nyingine kwenye SSD. Na kwenye kuhariri, laptopu ya miaka sita nyuma inayokwama na H.265 (faili lililogandamizwa sana) ya 4:2:2 itacheza ProRes 422 bila kunung'unika. Malipo yake ni nafasi ya diski.

Mipangilio ya kamera ndiyo inayowakwamisha wengi. Zima maandishi ya skrini kwenye HDMI, la sivyo utarekodi asilimia ya betri na kisanduku cha fokasi juu ya uso wa bibi harusi. Chagua ukubwa wa HDMI mwenyewe, usiuache kwenye "auto", maana kamera nyingine hushuka hadi 1080 bila kukuambia. Zima kuzimika kwa kamera yenyewe. Zima ule udhibiti wa HDMI uliokusudiwa televisheni. Washa amri ya kurekodi kupitia HDMI, kisha kwenye rekoda chagua jina la kampuni ya kamera, ili kitufe kimoja kianzishe vyote viwili. Kwa umeme wetu wa hezi 50, piga fremu 25 au 50 kwa sekunde, maana taa za ukumbini zitamemeteka ukipiga 30. Rekoda hufuata kamera, kwa hiyo jambo hili linaamuliwa kwenye kamera tu. Kamera za zamani hutuma fremu 25 ndani ya mawimbi ya 50i (nusu-fremu 50 kwa sekunde). Ukiona mistari kama meno ya chanuo kwenye vitu vinavyokimbia, tafuta kwenye menyu ya ingizo chaguo la PsF, linalounganisha nusu hizo kuwa fremu nzima.

Sasa diski, na hapa nitakaa kidogo. Hesabu za ProRes kwa 4K ya UHD kwa fremu 25 ni hizi: HQ, daraja la juu, ni megabiti 737 kwa sekunde, sawa na GB 332 kwa saa. ProRes 422 ya kawaida ni megabiti 492, yaani GB 221 kwa saa. LT, daraja jepesi, ni megabiti 342, GB 154 kwa saa. Kwa hiyo TB 1 inakupa saa tatu za HQ, saa nne na nusu za 422, au saa sita na nusu za LT. Kwa harusi na ibada narekodi LT au 422. HQ naiweka kwa mahojiano ya tangazo na picha za logi zitakazosahihishwa rangi kwa nguvu. Anayerekodi sherehe nzima ya saa saba kwa HQ ajiulize kwanza ataihifadhi wapi: kunakili saa moja ya HQ kwenye diski ya kawaida inayozunguka, ya MB 110 kwa sekunde, ni dakika 50 za kukaa na kusubiri.

HQ inahitaji MB 92 kwa sekunde mfululizo. Kasi ya MB 500 iliyoandikwa kwenye boksi la SSD ni ya dakika za mwanzo. SSD za bei nafuu za aina ya QLC zina akiba ndogo yenye kasi. Ikijaa, baadhi ya zile za TB 1 hushuka hadi karibu MB 80 kwa sekunde. Ndiyo sababu rekodi inaanza vizuri, halafu kadiri dakika zinavyosonga rekoda inaonya kwamba fremu zinaruka, na mtu analaumu kebo. Nunua SSD ya TLC, aina inayoshikilia kasi zaidi, iliyo kwenye orodha ya zilizothibitishwa na mtengenezaji. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 inafungwa kwa skrubu kwenye fremu yake ya plastiki iitwayo Master Caddy III, nayo inachomoza kidogo pembeni mwa Ninja V. Zile fupi za SSDmini zinakaa sawa. Fomati ndani ya rekoda, kamwe si kwenye kompyuta, na nunua kisomaji cha USB 3 siku hiyohiyo.

Betri ni za mtindo wa Sony NP-F, zilezile za taa za LED, kwa hiyo kuzipata si kazi, Kariakoo au River Road. Kazi ni kupata za kweli. Ninja V inakula kati ya wati 10 na 22 kulingana na mwangaza wa skrini na inachorekodi. Kwa matumizi ya juu, F550, ile ndogo, yenye wati-saa kama 16 haikufikishi saa moja. F970 ya wati-saa 45 inakupa saa mbili au zaidi kidogo. F970 halali ina seli sita na uzito wa karibu gramu 300. Ukiishika ni nyepesi huku imeandikwa mAh 10,000, irudishe kwenye meza ya muuzaji. Ninja V ina nafasi moja tu ya betri, hivyo kuibadilisha kunakata rekodi, na umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili la mwisho linaweza kuhitaji kuokolewa. Kwa shughuli ndefu tumia betri kubwa ya V-mount ya wati-saa 99 yenye waya wa D-tap (tundu lake la kutoa umeme) na betri bandia (ganda linalokaa mahali pa betri): unapata saa nne hivi bila kugusa kitu. Adapta ya ukutani nayo ni sawa, ila jenereta ya ukumbi ikizimwa kwa dakika moja, nawe umezimika.

Kebo ya HDMI ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Kamera nyingi zina tundu dogo kabisa la micro, ambalo linalegea kwa kuvutwa kidogo, na kulibadilisha ni kufungua kamera. Tumia kebo ya sentimita 30 hadi 50, laini, inayobeba 4K ya fremu 60, pamoja na kibanio chake kwenye keji (fremu ya chuma inayozunguka kamera). Adapta ya kugeuza micro kuwa kubwa inaongeza uzito na kiungo kingine cha kulegea; iache dukani. Picha ikipotea sekunde moja na kurudi, anza na kebo. Na usiibebeshe sehemu ya flashi mzigo wote: Ninja V yenye F970 na SSD inakaribia gramu 750. Ifunge kwenye keji, kwa mkono wenye pini za kuzuia kuzunguka. Kwenye gimbali (kishikio cha kutuliza kamera) iweke kwenye mpini, kamwe si juu ya kamera.

Niti 1000 zinatosha kivulini na ndani. Kwenye jua la saa saba mchana utahitaji kofia ya kivuli, maana kioo kinang'aa. Video Assist yenye niti 2500 inashinda waziwazi hapo. Lakini nisichoweza kuacha kwenye monita ni vipimo: wavefomu (grafu ya mwangaza) na rangi bandia (kila kiwango cha mwangaza huonyeshwa kwa rangi yake). Kwa S-Log3, logi ya Sony, kadi ya kijivu ya asilimia 18 inakaa kwenye 41 ya kipimo na nyeupe ya asilimia 90 inakaa 61. Shela nyeupe karibu na ngozi nyeusi ni mtihani ambao macho yanashindwa, hasa ukitazama kupitia LUT. Angalia kipimo kwenye picha ya logi, LUT iwe ya kutazamia tu, na uhakikishe haijawekwa kwenye rekodi.

Kuhusu sauti: maikrofoni iingie kwenye kamera, sauti ije na HDMI. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye rekoda, midomo itachelewa, kwa sababu picha hupita kwenye kamera kwanza. Itabidi uweke ucheleweshaji wa sauti kwa fremu kwenye menyu. Feni ya Ninja V inasikika kwenye chumba kimya, kwa hiyo kwa mahojiano maikrofoni ya juu ya kamera haifai. Tumia ya kifuani au ya fimbo.

Video Assist ina SDI yenye kifungo cha kuzungusha, na hilo peke yake linaondoa nusu ya hofu za kebo. Inarekodi kwenye kadi ya SD ya UHS-II (aina yenye kasi) au diski ya USB-C. Kadi ya V60 inaahidi MB 60 kwa sekunde tu, na ProRes 422 ya fremu 25 inadai karibu 62, hivyo V60 ni ya LT. HQ ipeleke kwenye diski ya USB-C. Anayehariri kwa programu ya DaVinci Resolve atafurahia Blackmagic RAW, ikiwa kamera yake iko kwenye orodha. ProRes RAW ya Ninja V inakaa vizuri zaidi kwa programu za Final Cut Pro na Premiere. Kwa miaka mingi Resolve haikuifungua kabisa.

Ukinunua mtumba, nenda na kamera yako, kebo yako, SSD na betri iliyojaa. Tingisha plagi ya HDMI taratibu uone kama picha inakatika. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute pikseli zilizokufa. Gusa skrini kona zote nne. Uliza kama kodeki (aina za faili) zinazohitaji kuwashwa kwa namba zimewashwa, na kama mwenye nazo ameziandikisha kwa akaunti yake. Halafu rekodi HQ kwa nusu saa mfululizo hapohapo dukani, uchezeshe faili kwenye laptopu hadi mwisho. Muuzaji asiyekubali nusu hiyo ya saa, mwachie mali yake.