MGB yangu na injini ya Rover: kazi ya gereji niliyoilipia

Gari langu ni MGB GT ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, na mpaka mwaka jana lilikuwa na injini yake ya kiwandani, ile ya chuma yenye silinda nne na cc 1,798. Nililipeleka katika gereji moja hapa Uingereza lifungwe injini ya V8 (ya silinda nane) ya Rover, cc 3,528, iliyotolewa kwenye Rover SD1 pamoja na giaboksi yake ya gia tano.

Wengi wananiuliza kama injini kubwa namna hiyo hailemei pua ya gari. Hailemei, kwa sababu ilibuniwa na Buick wa Marekani kwa aluminiamu, bloku na vichwa vyote, na uzito wake unakaribia ule wa injini ndogo iliyoondolewa. Rover walinunua haki zake katika miaka ya 1960, na aliyewahi kufungua boneti ya Range Rover ya zamani ameshaiona. Mwingereza Ken Costello, aliyekuwa na karakana yake, alikuwa akiunda MGB za aina hii hata kabla ya kiwanda chenyewe cha MG, ambacho kilitoa GT V8 zipatazo 2,591 kati ya 1973 na 1976.

Kazi ya kufunga injini imefanywa kwa ustadi. Kwenye MGB za kabla ya mwishoni mwa 1974, mhimili wa usukani hupita karibu mno na njia ya moshi, kwa hiyo mafundi walitoboa kuta za ndani za bodi wakapitisha mabomba humo, na weldi zao ni safi kiasi kwamba huwezi kujua palikatwa wapi. Rejeta ilisogezwa mbele, na injini huwaka kwa mguso mmoja.

Kilichonikera ni feni. Siku ya kwanza ya foleni, mshale wa joto ulipanda hadi nikazima gari kando ya barabara. Nilipoweka karatasi mbele ya grili, badala ya kuvutwa ndani ilirushwa kifuani kwangu: feni ilikuwa inazunguka kinyume. Gereji walibisha kwa wiki mbili, kisha wakageuza waya kwa dakika kumi, bila malipo lakini pia bila kuomba radhi.

Jambo zito zaidi ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Waliiacha ya zamani, ya uwiano wa 3.9 (shafti huzunguka mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), ilhali kiwanda kiliipa V8 difu ya 3.07. Matokeo yake gia ya kwanza huisha gari halijamaliza kuvuka makutano, na ya tano inafanya kazi ambayo ilipasa kufanywa na ya nne. Breki za mbele nazo hazikuguswa, wakati gari limepanda kutoka takriban nguvu za farasi 95 hadi 155.

Nikiwapelekea gari jingine, na huenda nikafanya hivyo kwa ajili ya weldi zile, nitaandika difu na breki kwenye oda kabla sijawakabidhi ufunguo.