Maktaba za bure mtandaoni: ipi ianze, ipi ifuate

Kitabu cha bure nacho kina gharama zake: muda, bando, na mara nyingine barua pepe yako. Ndiyo maana mimi huzipanga maktaba hizi kwa swali moja. Intaneti ikikatika, nabaki na kitabu?

Kwa kipimo hicho, Project Gutenberg ndiyo ya kwanza. Ilianza mwaka 1971, Michael Hart alipochapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, na leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Hujisajili, huulizwi jina. Unapakua EPUB ya kusomea kwenye simu, au maandishi matupu ambayo faili lake ni jepesi sana, basi, kitabu ni chako. Ila usiende huko kutafuta riwaya ya mwaka jana: karibu vyote ni vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha nchini Marekani.

Ya pili ni Internet Archive, aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996. Kwa ukubwa naipenda kuliko zote: vitabu vilivyopigwa skani, rekodi za sauti, na Wayback Machine, inayotunza nakala za kurasa ambazo wenyewe walishazifuta. Hiyo imeniokoa mara nyingi. Kilichoishusha ni kwamba vitabu vingi ambavyo bado vina hakimiliki huazimwa tu, vingine kwa saa 1, tena lazima uwe na akaunti. Baada ya wachapishaji kuishtaki mwaka 2020 na kushinda, vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye kuazimwa. Na PDF za skani ni nzito; tazama ukubwa wa faili kabla hujabonyeza.

Mwanafunzi anayetaka makala za utafiti aanze na DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bila malipo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003. Wa afya aende PubMed Central, hifadhi ya bure ya makala kamili za tiba. Lakini asiichanganye na PubMed tupu, ambayo ni faharasa: mara nyingi utapata muhtasari, kisha kiungo cha jarida linalodai pesa. JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, naiweka chini yao, maana akaunti ya bure inakupa makala 100 kwa mwezi za kusoma papo hapo mtandaoni tu.

HathiTrust ni ya mwisho, japo ina mamilioni ya vitabu. Vingi havifunguki, unaruhusiwa kutafuta neno na kuonyeshwa lipo ukurasa gani tu.

Kwa marejeo ya haraka, weka Kiwix. Ni programu inayokuwezesha kupakua Wikipedia mara moja na kuisoma bila mtandao, hata kwenye simu.

Ukikutana na tovuti inayotaka namba ya kadi ya benki “kuthibitisha” kabla ya kukupa kitabu cha bure, ifunge. Kati ya hizi nilizotaja, hakuna inayodai kadi ili usome.