Sarafu ya "dhahabu" ya Katanga 1961: nimeitia kwenye mizani

Jambo yenu, watu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi! Leo nimekasirika, mnivumilie.

Boksi ndilo hili. Mbao, mahameli nyekundu ndani, kifuniko kinajifunga, tak! Boksi sina ugomvi nalo, mama watoto ameshaliomba aweke heleni zake. Ugomvi wangu ni na huyu aliyelala ndani: faranga 5 za Katanga, 1961, jimbo letu lilipojitenga na Kongo. Huku mkungu wa ndizi, huku msalaba wa shaba. Historia yake waulizeni wazee wenu, mimi nina hasira.

Mwuzaji, pale karibu na soko la Kenya (Kenya yetu hii, si Nairobi), alitaka dola 60. Nikamvuta mpaka 35. "Papa, hii ni dhahabu, na sertifika iko." Akachomoa sumaku, akaipitisha juu, haikushika. "Umeona?" Nimeona nini? Hata sufuria ya aluminiamu ya kupikia bukari haishikwi na sumaku. Nayo ni dhahabu?

Sasa sogeeni. Kijana, shusha kamera... hapo hapo. Mizani hii ni ya wapima dhahabu, nimeazima. Katanga ilitoa kweli faranga 5 za dhahabu mwaka huo huo, zenye ndizi hizi hizi, na ukubwa karibu sawa na zile za kawaida, za bronzi. Ile ya dhahabu ina gramu 13.33. Naweka yangu. Ngoja itulie... 6.48. Nusu! Naitoa, naiweka tena, msije mkasema nimeisaidia na kidole. 6.48.

Bado. Glasi ya maji juu ya mizani, narudisha kwenye sifuri. Sarafu nimeifunga uzi, naizamisha isiguse chini wala ukingo. Msikohoe. 0.74: huo ni uzito wa maji yenye ukubwa sawa na sarafu hii. Chukua 6.48, gawa kwa 0.74: ni nzito mara 8.76 kuliko maji. Dhahabu kama ile ingepita 17. Hii ni bronzi, jamani! Na hapa kwenye ncha ya ndizi mnaona wekundu? Mpako umeshaanza kukimbia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa ninavyoiona, chini ya mpako iko sarafu ya kweli ya 1961. Mtu kaichukua nzima, kaipaka. Mkusanyaji akiiona anaihesabu imeharibika. Halafu geuza sertifika: juu herufi kubwa "authentique", yaani halisi, chini kabisa herufi za sisimizi, "plaqué or". Imepakwa dhahabu! Hawakudanganya, wamenong'ona.

Eti namba 0217 kati ya 5000. Namba iko kwenye karatasi, sarafu haina alama yoyote. Nikitaka naweka kifungo cha koti langu humu, kinakuwa namba 217. Uzito hawakuandika. Upana hawakuandika. Sahihi nimeivuta kwa simu: nukta nukta tupu, imechapwa. Na sisi ndio wale wale tunaokataa noti ya dola yenye mpasuko wa ukucha!

Mtaniuliza kuhusu zile za kwenye kasha la plastiki, za PCGS na NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa daraja. Hizo zina namba, unaiingiza kwenye tovuti yao, unalinganisha picha. Afadhali mara kumi. Ila makasha pia yanaghushiwa, na ile lebo ya "First Strike" (pigo la kwanza) isikupandishe presha: inahusu sarafu kuwafikia PCGS ndani ya siku 30 za mwanzo baada ya kutolewa, basi. Jirani yake isiyo na lebo inaweza kuwa imetoka mashine ile ile, saa ile ile.

Video ya Jumamosi ilichelewa, umeme ulikatika, samahani. Ijayo nitaleta zile sarafu za rangi zenye wanyama na jina la Kongo, ambazo hapa sokoni, tunakotumia noti tu, hakuna mama muuza mboga aliyewahi kurudisha chenji nazo.

Kuna mmoja anauliza kama nitausugua mpako utoke. Hapana, kaka, nikisugua nitaiharibu zaidi. Inarudi mahamelini. Heleni zitatafuta pa kulala.