TAHADHARI: Anauza makabati ya droo kwa picha za kazi yangu

Ndugu zangu, hasa mlioko Dar es Salaam, someni hii kabla hamjamtumia mtu advansi ya kabati.

Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni kabati la droo sita, "mninga mtupu, kazi ya mkono", kwa shilingi 750,000, na anataka 450,000 kwanza. Picha anazotumia ni za karakana yangu. Angalieni ile yenye benchi: kuna patasi ambayo mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Patasi hiyo ni yangu, na mpira niliuzungusha mwenyewe mpini ulipopasuka. Kabati lenyewe lilishachukuliwa na mteja zamani. Jina la ukurasa wake nikiliandika leo, kesho halina maana. Nimeshaona majina matatu, picha ni zile zile.

Watu wawili wamenifikia hadi sasa. Kijana mmoja alituma hela, akablokiwa siku hiyo hiyo. Wa pili ni mama ambaye mzigo aliletewa kweli, usiku, kwenye kirikuu. Masika yalipoanza droo zikagoma. Akanitafuta akiamini fundi ni mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikwenda kwake Jumapili. Droo ya juu niliitoa kwa kuichokonoa na bisibisi. Kona zote zimepigwa pini za mashine, hakuna kiungo hata kimoja. Yale meno ya mkia wa njiwa, yanayoumana kufunga kona, yanayoonekana ubavuni yamechorwa kwa kalamu nyeusi, kisha vanishi ikapitishwa juu. Nilipokwangua kwa ndani, chini ya rangi ya kahawia ikatoka paini nyeupe. Mama akaniuliza, "Fundi, sasa hii si mninga?" Nilishindwa hata kumjibu haraka.

Paini peke yake si kosa, droo nzuri za paini zipo. Kosa ni kuiuza kwa jina la mninga, tena ikiwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka husinyaa kwa upana, urefu wake haubadiliki sana. Kwa hiyo droo inapinda, kitako kinapasuka, na unyevu ukirudi mbao inavimba na kukwama.

Droo ya mkono inatengenezwa hivi. Mbao ya mbele naikata kwa kuipima kwenye tundu lake lenyewe, kila droo na tundu lake. Mbavu napiga randa kidogo kidogo mpaka ziingie kwa kubana, ndipo nachonga meno kwa msumeno na patasi. Juu naacha kama milimita mbili kwa ajili ya masika. Kitako kinaingia kwenye mfereji bila gundi, ili kipate nafasi ya kutanuka. Mwisho napaka mshumaa kwenye reli. Ikikaa sawasawa, ukisukuma droo moja ndani, hewa inaisogeza nyingine nje taratibu. Kazi hiyo kwa droo sita inanichukua zaidi ya wiki, na mninga mkavu una bei yake. Ndiyo maana bei ile peke yake ingetosha kukushtua.

Kama huwezi kufika karakana, mwombe muuzaji akupigie simu ya video, si kukutumia picha. Achomoe droo yote, aigeuze juu chini, akuonyeshe kona na kitako. Kisha akwangue kidogo kwa nyuma, mahali pasipoonekana: mninga ni kahawia hadi ndani, ingawa mbao ya pembeni karibu na gome huwa nyeupe, na fundi mkweli atakwambia hilo mwenyewe. Akianza visingizio vya bando au umeme, usitume hata shilingi.

Uliyekwisha kutapeliwa, usifute meseji. Ipeleke pamoja na namba yake kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli, kisha nenda kituo cha polisi na muamala wako uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Yule kijana tayari anayo, na mama tunakwenda naye Jumatatu. Mimi nitakuwa na picha halisi zenye tarehe, pamoja na ile patasi.

Ukiiona patasi hiyo kwenye tangazo lolote, piga skrinishoti unitumie.